Pikipiki, Barabara na Amana Iliyo Shingoni Mwetu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa ndugu zetu, fundi sanifu mstaafu wa ujenzi wa barabara, mbele ya mkusanyiko wa mkoa. Inachapishwa kwa maombi ya waliohudhuria.)





Ndugu Katibu aliponitaka nizungumze juu ya usalama barabarani, nilimwuliza kama anataka hotuba ile ile ya siku zote. Nayo mnaijua. Msemaji husimama akawalaumu vijana wa bodaboda kwa mwendo mkali, kwa kutovaa kofia ngumu, kwa kupakia abiria wawili na watatu. Hadhira hutikisa vichwa, na vijana wenyewe hukaa kule nyuma karibu na viatu wakitazama chini. Halafu hutoka nje, huwasha pikipiki zao na kuturudisha sisi wazee majumbani kwetu. Hotuba hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya maneno. Nusu iliyobaki inanihusu mimi, kwa kuwa nimefanya kazi ya barabara kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda wote huo sikumbuki hata kikao kimoja cha kazi kilichokaa kikauliza: je, mwenye magurudumu mawili atapitaje hapa?

Mnamkumbuka kijana wetu tuliyemzika mwezi wa Shaaban. Sitamtaja jina. Siku ya mazishi niliwasikia watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wakisema kwamba alikuwa anakimbia. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo. Aliyekuwapo ni abiria wake, mtu mzima, ambaye Mwenyezi Mungu alimnusuru kwa kuvunjika mkono tu. Yeye alisema kwamba walikuwa wakienda polepole. Basi likaja nyuma yao likapiga honi, kijana akalipisha kwa kushuka kushoto nje ya lami, na alipotaka kurejea juu pikipiki ikayumba ikawaangusha upande wa barabara. Basi lilikwisha kupita. Lori lililofuata ndilo lililomkuta chini.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilikwenda pale nikiwa na futi kamba yangu ya kazini. Nikapima kutoka uso wa lami hadi kwenye udongo wa kando, mahali alipotaka kupandia. Sentimita 14.

Wasiopanda pikipiki huenda wasielewe maana ya sentimita hizo, basi na niwaeleze. Sehemu ya tairi la pikipiki inayogusa ardhi haizidi sana kiganja cha mkono, na pikipiki husimama wima kwa sababu ile tu kwamba mpandaji anaweza kuusogeza usukani kidogo kulia na kidogo kushoto ili kuweka mizani. Anaposhuka kwenye bega la barabara lililo chini ya lami, kisha akataka kurudi huku bado anakwenda sambamba na barabara, tairi la mbele halipandi. Linasugua ule ukingo. Mpandaji huukata usukani zaidi ili alazimishe, na ghafla tairi hushika. Hapo pikipiki hurukia katikati ya barabara au humlalia ubavuni. Gari la magurudumu manne likipatwa na hayo huyumba, na huenda dereva akaokoka kwa hofu tu. Wa pikipiki hana magurudumu mengine ya kumshika.

Sasa nitasema jambo ambalo sijapata kulisema hadharani. Niliujua ukingo ule nilipouona, ingawa barabara ile si niliyoijenga mimi. Miaka mingi iliyopita, katika mkoa mwingine, nilikuwa msaidizi wa msimamizi wa kazi. Lami ilikuwa imeongezwa tabaka jipya juu ya lile la zamani, na kwa hiyo uso wa barabara ukapanda. Mabega yalipaswa kujazwa kifusi cha moramu na kushindiliwa mpaka yalingane na lami. Fedha zilikuwa zimebana, mvua zilikuwa zinakaribia, na mgeni wa heshima alikuwa amekwisha kupangiwa siku ya kukata utepe. Mabega yakajazwa nusu. Nikaletewa karatasi ya makabidhiano, nami nikatia saini. Nilijiambia kwamba lami ni safi, magari yatapita vizuri. Na kweli magari yalipita vizuri! Sijui ni wangapi waliodondoka pembezoni mwa barabara ile, wala sikurudi kuuliza.

Ajali na kadari

Ndugu zangu, tukifikwa na msiba tunasema ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na ndivyo tunavyoamini. Lakini kadari haikupata kuwa ngao ya mtu aliyezembea. Jengo likianguka kwa sababu mjenzi ameiba saruji, hatusemi tu kwamba ni kadari, tunamwuliza mjenzi. Kwa nini basi barabara haiulizwi? Husimuliwa juu ya Sayyidna Umar r.a. kwamba aliogopa kuulizwa juu ya mnyama atakayejikwaa katika nchi ya Iraq, mbali kabisa na Madina, kwa sababu tu hakusawazishiwa njia. Hapa tunazungumza juu ya wanadamu, tena juu ya watoto wetu.

Wataalamu wa usalama barabarani nao walifikia jambo linalofanana na hili, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 1997 Bunge la Sweden lilipitisha sera ambayo msingi wake ni huu: mwanadamu atakosea tu, hata awe mwema na mwangalifu namna gani, basi barabara itengenezwe hivi kwamba kosa lake lisimgharimu roho. Kabla ya hapo kazi yote ilikuwa ni kumtafuta mwenye kosa. Mwenye kosa hupatikana kila mara, kwa kuwa hakuna asiyekosea, na akishapatikana jalada hufungwa, na ukingo wa lami hubaki pale pale kumngoja mwingine.

Kijana wetu alifanya kosa gani? Alilipisha basi. Wengine tungesema ni adabu.

Kipando ambacho barabara hazikukitazamia

Tukumbuke jambo hili lilivyoanza. Neno lenyewe bodaboda limetoka mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako watu walivushwa kwa baiskeli. Hapa kwetu Tanzania, hadi miaka ya mwanzo ya 2000, pikipiki zilikuwa chache. Nyingi zilikuwa za mabwana shamba, za mapadri, na za maofisa wa miradi. Kisha zikaja zile za bei nafuu kutoka China na India, na kufikia kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo, vijana walikuwa wamekwisha kujaa vijiweni. Leo mama mjamzito wa kijijini hupelekwa zahanati kwa pikipiki. Mahindi hufika sokoni kwa pikipiki. Hata jeneza nimeliona kwa macho yangu likisafirishwa kwa pikipiki.

Lakini barabara nyingi tunazopita zilisanifiwa kabla ya hayo, na vitabu vya usanifu tulivyovitumia vilihesabu magari, mabasi na malori. Pikipiki ilikuwa kitu kidogo pembeni. Upana wa njia ulipimwa kwa gari. Kona ilipimwa kwa gari. Hata kile chuma cha kukinga magari yasitumbukie bondeni kilibuniwa kumzuia mwenye gari, na kwa mwenye pikipiki aliyeanguka akateleza, nguzo zake zinazokishikilia ni kama mapanga yaliyosimamishwa. Nchi nyingine zimeliona hilo: Ureno ilitunga sheria mwaka 2004 ya kutaka vyuma hivyo vitazame pia usalama wa wapanda pikipiki, na katika nchi kadhaa za Ulaya huongezwa bamba la chini linalozifunika nguzo.

Wala mtu asiseme kwamba bodaboda hana haki katika barabara kwa kuwa hakuichangia. Kila lita ya petroli anayonunua ina tozo ya barabara ndani yake, inayokwenda katika Mfuko wa Barabara, sawasawa na lita inayotiwa katika gari la mkubwa. Kijana anayejaza lita mbili asubuhi na lita mbili jioni amelipa. Anastahili mali yake.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 ulimwenguni katika mwaka 2021, na kwamba hakuna jambo linaloua zaidi watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko hilo. Zaidi ya mmoja katika kila watano wa waliokufa alikuwa juu ya chombo cha magurudumu mawili au matatu. Na mataifa, yakiwa chini ya Umoja wa Mataifa, yalikubaliana mwaka 2017 kwamba kufikia mwaka 2030 barabara zote mpya zifikie viwango vya usalama kwa watumiaji wote, au zipate angalau nyota tatu. Maana siku hizi barabara hupimwa kwa nyota, kuanzia moja hadi tano, na nyota hizo hutolewa kwa mafungu manne mbalimbali: mwenye gari, mwenye pikipiki, mwenye baiskeli na mwenda kwa miguu. Barabara moja yaweza kuwa na nyota nne kwa aliye ndani ya gari, na nyota moja tu kwa aliye juu ya pikipiki. Mgeni wa heshima anayekuja kukata utepe, bila shaka, huja ndani ya gari.

Vitu vidogo vinavyoua

Baada ya mabega, la pili ni mchanga. Kwenye makutano ambapo barabara ya vumbi inaingia katika lami, kila gari huleta udongo na kokoto kidogo, na mvua huleta zaidi. Mwenye gari haoni kitu. Mpanda pikipiki anayekata kona pale huku ameinama amekanyaga vipande vidogo vinavyobingirika. Dawa yake si ya gharama kubwa: barabara ile ya vumbi iwekwe lami au zege mita chache kutoka kwenye makutano, ili uchafu ubaki huko nyuma. Nimewahi kupendekeza hilo katika kazi mbili. Mara moja lilikubaliwa.

La tatu ni dizeli. Malori yanayojaza tangi hadi mdomoni humwaga kidogo yanapozunguka kipilefti, na ndiyo maana mtaona vijana wenye uzoefu wanazunguka pale kwa tahadhari kama wanaotembea juu ya mayai. Na manyunyu ya kwanza ya mvua ni hatari kuliko mvua yenyewe, kwa kuwa huyainua mafuta na vumbi yakawa utelezi kabla hayajaoshwa. Vijana, mvua ikianza, simameni kidogo. Abiria akilalamika, mwambieni ni agizo la mzee.

Kisha rangi. Mistari myeupe ya vivuko ni jambo jema, lakini ikichorwa kwa rangi laini isiyochanganywa na chembe za kukwaruza, huwa kama kigae kilicholowa. Mifuniko ya chuma ya chemba nayo ni hivyo hivyo, hasa ikiwekwa katikati ya kona ambapo tairi limelala.

Na matuta. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tuta ni rafiki na adui kwa pamoja. Tuta lililojengwa kwa kipimo, lenye mteremko wa taratibu, lililopakwa rangi na kutanguliwa na kibao, huokoa watoto wa shule, na sitaki mtu aondoke hapa akasema nimeyapinga matuta. Lakini tuta lisilopakwa rangi, usiku, kwa mwenye taa moja hafifu, halionekani mpaka amelifikia. Anayekwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde. Anapoliona, akili ikatambua, mkono ukafikia breki, amekwisha kuruka. Na akishika breki ya mbele kwa nguvu wakati wa kuruka, ndiyo basi tena. Zile rasharasha, yaani vijituta vidogo vidogo vinavyofuatana, humsumbua kwa namna nyingine: hutafuta uwazi ulioachwa pembeni ili avikwepe, na pembeni ndiko waliko waenda kwa miguu. Mjenzi anapaswa kulijua hilo kabla ya kuacha uwazi.

Waliojaribu kwa vitendo

Nchi ambayo kwa maoni yangu ina mengi ya kutufunza katika jambo hili ni Malaysia. Wao walitangulia kujaa pikipiki kabla yetu kwa miongo kadhaa, wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, wana mvua kama za pwani yetu au kali zaidi, na watu wao wa kipato cha chini hupanda pikipiki si kwa starehe bali kwa riziki. Katika barabara yao kubwa iitwayo Federal Highway, inayotoka Kuala Lumpur kupita Shah Alam hadi Klang, palikuwa na njia ya pembeni iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya baiskeli. Wenye pikipiki wakaanza kuitumia. Serikali haikuwafukuza, iliiacha iwe yao, na katika miaka ya 1990 ikaiendeleza. Uchunguzi ulioongozwa na Profesa Radin Umar, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba baada ya njia hiyo ya pekee kufunguliwa, ajali za pikipiki zilipungua kwa asilimia 39. Hatukuelezwa kwamba vijana wa Malaysia waligeuka malaika. Walitenganishwa tu na malori.

Hata hivyo tusiichukue habari hii kama watu wanaochukua hirizi. Njia ile ya zamani ilikuwa na kona kali, kwa kuwa ilikusudiwa baiskeli. Mahali ilipokuwa na giza, au mashimo, au maji yaliyotuama, wapandaji waliitoroka wakarudi kwenye barabara ya magari. Mvua ilipokunya walisimama kwa makundi chini ya madaraja ili wasilowe, na magari yakawagonga pale pale, hata ikabidi wajengewe vibanda maalumu vya kujikinga. Ona jinsi jambo dogo kama mvua linavyotaka kufikiriwa! Tena njia ya pekee hufaa pale ambapo pikipiki ni nyingi na magari yanakwenda kasi. Kwenye makutano mengi ya mjini hutatiza, kwa sababu gari linalokata kushoto hukatiza mbele ya pikipiki inayokwenda moja kwa moja. Kwa mahali kama hapo, Taiwan na baadhi ya miji ya Indonesia kama Bandung wamechora kisanduku mbele kabisa ya mstari wa kusimamia magari kwenye taa, ili pikipiki zikae mbele, zionekane, na ziondoke kwanza. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya rangi na askari wa kuwafundisha watu kwa mwezi mmoja.

Nikiwa Dar es Salaam huwatazama vijana wanavyojipenyeza katika njia ya mabasi ya mwendokasi, iliyoanza kazi mwaka 2016, na jinsi wanavyofukuzwa na kukamatwa, na wakati mwingine kugongwa. Wanafanya kosa, na wasiachiwe. Lakini fundi akitazama hujiuliza jambo jingine: kwa nini wanaipenda ile njia? Wanaipenda kwa sababu ni nyoofu, ni safi, haina daladala linaloingia kituoni kwa ghafla. Wanatafuta kile kile ambacho Malaysia iliwajengea watu wake. Sisi tulipopanua barabara tuliyakumbuka mabasi, na Alhamdulillahi kwa hilo, tukayakumbuka magari, na tukawakumbuka kidogo waenda kwa miguu.

Jambo jingine la Malaysia, la bei ndogo kuliko yote: mwaka 1992 waliwataka wapanda pikipiki wote wawashe taa mchana. Ajali zile zinazotokana na pikipiki kutoonekana zilipungua kwa asilimia 29. Hilo halihusu barabara, nimelitaja tu kwa kuwa vijana mko hapa na swichi iko kwenye kidole gumba. Vivyo hivyo kofia ngumu: uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2008 uliona kwamba hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Mmeshaambiwa mara nyingi, nami sirudii.

Tuliyoyafanya kwa mikono yetu

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kuinyoshea Serikali kidole. Lakini tangu tukiwa madrasa tumefundishwa kwamba kuondoa kinachodhuru njiani ni katika matawi ya imani, na mimi naona tumekuwa tukiyaweka madhara njiani.

Alama za barabarani huibwa zikauzwa kama vyuma chakavu. Anayeng'oa ni mwizi, hilo halina mjadala. Lakini anayenunua anakiona kibao kilichoandikwa kona kali, anakiweka kwenye mizani, anakilipia kwa kilo. Kama miongoni mwetu yupo mwenye biashara hiyo, na aende nyumbani akaitazame fedha aliyoipata. Mfuniko wa chemba ulioondolewa barabarani huacha shimo linalomeza tairi zima la pikipiki.

Lori likiharibika, dereva na utingo hupanga matawi na mawe nyuma yake. Lori likitengemaa wanaondoka, na mawe yanabaki. Niliwahi kumwuliza dereva mmoja kwa nini hawayaondoi. Akacheka, akasema wao wameondoka, anayekuja atayaona. Usiku hayaonekani.

Mtoto akigongwa, wananchi kwa uchungu huchimba mfereji au huweka tuta la udongo na magogo kukatiza barabara. Uchungu wao nauelewa. Lakini nimeshuhudia tuta la namna hiyo, lililowekwa ili kulipiza kifo kimoja, likaleta cha pili kabla ya wiki kwisha, na aliyekufa alikuwa jirani wa kijiji hicho hicho akirudi kutoka kijiweni.

Na sisi hapa msikitini! Kila Ijumaa magari yetu hujaa kwenye bega la barabara mbele ya lango, kuanzia kwenye mwembe hadi kwenye duka la dawa. Bega ni njia ya mwenye miguu, mwenye baiskeli na mwenye pikipiki anayepisha. Kwa saa nzima tunamsukuma kwenye lami, katikati ya malori, ili sisi tuwahi safu ya mbele. Kiwanja cha shule kilicho nyuma yetu ni kitupu siku hiyo mchana, na Mwalimu Mkuu, niliyemwendea juzi, ameridhia tukitumie kwa sharti kwamba tuache kiwanja safi. Kwa hiyo kuanzia Ijumaa ijayo hakuna gari litakaloegeshwa mbele ya lango, hata la kwangu. Vijana wanne wamekubali kusimama na kuelekeza.

Barua

Barabara aliyofia kijana wetu ni ya mkoa, kwa hiyo iko chini ya TANROADS, iliyoundwa mwaka 2000. Njia zetu za mitaani na za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Nimesikia watu wengi wakilalamika kwa asiyehusika, wakajibiwa kwamba haihusiki, wakarudi nyumbani wamekata tamaa. Malalamiko ya mdomo hayana faili. Barua ina faili, ina tarehe, na ina mtu atakayeulizwa kwa nini hakuijibu. Aidha, diwani wetu anaweza kulifikisha suala kwenye vikao vya halmashauri, na kila mkoa una Bodi ya Barabara inayokaa na kujadili kazi za mwaka. Kikao hicho hujadili kilichoandikwa mbele yake. Sentimita 14 zikiwa na picha, na mahali pametajwa kwa umbali kutoka kwenye kalavati, ni vigumu kuzifunika.

Wala hatuombi barabara mpya. Tunaomba mabega yajazwe na kushindiliwa kwa urefu wa kilomita mbili na nusu, kutoka kwenye kalavati hadi mizani ya zamani. Tunaomba pia kwamba lami itakapoongezwa safari nyingine, ukingo wake ulazwe kwa mteremko badala ya kukatwa wima. Huko Marekani huulaza kwa pembe ya kama digrii 30 wakati lami ikiwa bado ya moto, na tairi hupanda bila kusugua. Kifaa cha kulazia ukingo hufungwa kwenye mashine ile ile ya kutandazia lami. La tatu, tuta lililo mbele ya zahanati lipakwe rangi na liwekewe kibao.

Jumapili baada ya Sala ya Alfajiri nitakuwa pale kwenye kalavati na futi kamba yangu. Nahitaji vijana sita: wawili wa kushika futi, wawili wa kusimama na bendera nyekundu kuzuia magari yasitugonge, mmoja wa kuandika, na mmoja mwenye simu inayopiga picha zinazosomeka. Tutapima kila baada ya mita 50, pande zote mbili. Wenye pikipiki ndio ninaowataka kwanza, kwa kuwa wanajua mahali ambapo mimi nisingetazama. Barua imekwisha kuandikwa isipokuwa vipimo, na baba wa marehemu ameomba saini yake iwe ya kwanza. Nafasi ya pili nimejiwekea mimi, kwa ajili ya ile karatasi niliyoitia saini zamani.